Kambale Watatu

Ujumbe ule ulikaa kwenye kona ya kompyuta yangu majuma matatu. "Mise à jour disponible", yaani toleo jipya limepatikana. Kila nilipofungua programu ya kurekebisha picha ulitokea, na kila mara nilibonyeza maneno yaliyokuwa chini yake, "plus tard", baadaye. Kifaransa changu ni cha darasa la tano, maana hapo ndipo nilipoachia shule, lakini maneno hayo mawili niliyajua vizuri.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Asubuhi nauza maharagwe na mafuta ya mawese pamoja na mama mdogo wangu, Marie-Jeanne, kwenye soko dogo la Vulamba, hapa Butembo. Picha ni furaha yangu ya Jumapili, baada ya misa. Kamera aliniachia binti wa mama mdogo alipohamia Kampala. Kompyuta ni ya zamani, inapiga kelele kama kinu, nayo niliipata kwa Siméon, fundi wa mashine mwenye kibanda karibu na njia kubwa. Ninapenda kupiga picha kwa sababu mimi ni mtu wa kunyamaza. Nikiinua kamera, watu wanaitazama kamera, hawanitazami mimi.

Toleo jipya nililiogopa. Lile la zamani nilijifunza peke yangu, kwa kukosea. Vitufe vyake sikuvijua kwa jina, nilivijua kwa rangi na mahali vilipokaa. Wakivihamisha, nilijiambia, nitakuwa kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta vigoda, sufuria na kitanda vyote vimehamishwa. Tena mashine ilikuwa imejaa. Siméon alikuwa amenieleza kwamba toleo jipya ni zito, linataka nafasi.

Lakini nililitaka pia, na nitasema sababu yake. Ilikuwa picha moja.

Majira ya kakao yaliyotangulia, mama mdogo alinipeleka Oicha, kwa rafiki yake wa kanisa, Mama Florentine. Tulilala kwake siku nne. Mbele ya nyumba, kando ya barabara, kakao ilikuwa imeanikwa juu ya bashi la bluu, turubai la plastiki, na mtoto wake, kijana wa rika langu, alikuwa akiigeuza kwa miguu, anaburuza nyayo polepole, anaacha mistari kama shamba lililolimwa. Alivaa kofia. Jina lake Kambale. Kila nilipoinua kamera alifunga mdomo, maana jino lake la mbele lilikuwa limevunjika nusu siku alipoanguka na baiskeli na gunia la kakao.

Sijui niliipata wapi sauti. Nilimwambia, "Cheka. Ile jino njo inafanya kicheko yako inakuwa muzuri."

Akacheka kweli, kichwa nyuma, mguu mmoja hewani. Nikabonyeza.

"Ile usionyeshe mutu," akasema. "Chunga yako."

Nikaichunga. Tatizo lilikuwa kofia: kivuli chake kilikuwa kimemfunika kuanzia paji la uso hadi juu ya pua. Programu ya zamani, nikijaribu kuondoa kivuli, ilimfanya awe na rangi ya majivu. Siméon alisema toleo jipya linatoa kivuli bila kuharibu ngozi. Ndiyo hivyo. Nilitaka mise à jour ili nimwone macho.

Sasa ni lazima nieleze jambo la majina. Kwetu sisi Wanande, jina linakusubiri kabla hujazaliwa, linafuata nafasi yako kwa mama yako. Mtoto wa kiume wa pili ni Kambale. Kwa hiyo kila nyumba ina Kambale wake, na kila mtu anawajua watano au kumi. Katika mashine yangu walikuwepo watatu. Wa kwanza ni mtoto wa mama mdogo, picha za arusi yake. Wa pili ni dereva wa pikipiki wa mtaa wetu, kijana anayependa kupigwa picha akiwa amekaa kwenye pikipiki za wenzake; alikuwa na picha zaidi ya mia nne. Wa tatu ni yeye wa Oicha. Ningeweza kuandika "Oicha" kwenye dosia yake, yaani folda ya picha zake, au jina la baba yake, Lusenge. Lakini mama mdogo hupita nyuma yangu akisoma. Angeuliza Oicha kuna nini. Nikaandika Kambale 1, Kambale 2, Kambale 3, nikajificha nyuma ya jina la watu wote.

Alhamisi moja nikabeba mashine hadi kwa Siméon. Kibandani mwake kulikuwa na watu watano wanangoja simu zao zijae umeme, na Jamali, dereva anayepakia watu kutoka Butembo hadi Beni na Oicha, alikuwa amekaa juu ya betri ya gari anakula karanga.

"Umeamua?" Siméon akaniuliza.

"Nimeamua."

Akaifungua, akatikisa kichwa. "Nafasi hakuna, Kanyere. Inaomba tutoshe kitu, tufute." Akaanza kushuka kwenye orodha ya dosia zangu kwa kidole, huku anasoma kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina. "Soko. Pasaka. Kakao. Kambale moya. Kambale mbili. Kambale tatu." Akasimama. "Eh! Kanyere! Ba Kambale batatu? Unataka kutengeneza équipe ya mupira?"

Watu wakacheka.

"Njo maana hasemake," Jamali akasema, mdomo umejaa karanga. "Akifungua mdomo, atachanganya majina. Wote ni Kambale, hata akikosea usiku, hakuna mwenye atajua."

Wakacheka tena, mzee mmoja hadi akapiga goti. Mimi nilihisi masikio yanawaka.

"Huyu wa tatu ako na picha chache sana," Siméon akasema. "Huyu njo wa roho. Tumufungue, tuone sura."

Kidole chake kilikuwa tayari juu. Nilimwona Kambale kwa akili yangu, anacheka na jino lake kwenye kioo, mbele ya wanaume sita, na Jamali anayeijua Oicha yote.

"Hapana fungua," nikasema.

"Basi tufute gani? Ya mbili? Njo nzito."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia. Ningesema "ya mbili" tu, neno dogo. Lakini kusema ya mbili ilikuwa kusema kwamba ya tatu ninaitaka, na kila mtu pale alikuwa ananitazama.

"Zote," nikasema.

"Zote? Hata arusi?"

"Mama mdogo ako na album. Futa zote."

Akafuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi.

Nilijiambia kwamba picha zile zimebaki kwenye kadi ya kamera. Nilijiambia hivyo nikiwa bado nimesimama pale, na sitaki kudanganya hapa: ndani yangu nilijua. Kadi ile niliisafisha mwenyewe kabla ya maandamano ya Jumapili ya Matawi. Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilikubali kwamba najua. Ndipo nikajituliza kwa njia nyingine. Kakao itaiva tena, nitarudi Oicha, atacheka tena. Na sasa nina programu nzuri.

Na kweli ilikuwa nzuri. Ilinichukua siku nne kuzoea vitufe. Picha zangu za soko zikang'aa, mafuta ya mawese yakawa mekundu kama yalivyo. Nilifurahi. Hilo nalo ninalikumbuka na linaniuma, kwamba nilifurahi karibu mwezi mzima.

Habari ilikuja kwa simu ya mama mdogo, tukiwa sokoni tunapima maharagwe. Wauaji wa msituni, wale wanaovamia vijiji vya upande ule, walikuwa wameingia katika mashamba ya kakao ya Oicha. Waliouawa ni watu sita. Aliyepiga simu akawataja, na mama mdogo akawa anarudia kila jina baada yake, kama kawaida yake kwenye simu.

"Kambale," akasema. Kisha akauliza, "Kambale gani?"

Akasikiliza.

"Kambale wa Florentine."

Nikaendelea kupima maharagwe. Mteja akaniambia kopo limejaa, linamwagika.

Mama Florentine mwenyewe alikuja siku ya kumi na tisa baada ya mauaji, Jumamosi mchana, kwa gari la Jamali. Nyumba yake ilikuwa imechomwa, na alikuwa amekimbilia Beni kwa ndugu zake. Alikuwa amevaa kitenge cha kuazimwa, kilikuwa kirefu, kila hatua alikishika. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai, akaniangalia mimi, si mama mdogo.

"Kanyere, binti yangu, nimekuya kutafuta mutoto wangu kwako."

Nikaweka birika chini.

"Picha zote ziliungua. Hata ya communion. Simu yake walibeba. Lakini alikuwaka ananiambia: mama, iko picha yangu moya kwa Kanyere wa Butembo, nacheka na jino yangu. Nilikuwa namutukana, juu ya nini unaonyesha pengo kwa batoto ya batu?" Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Ku misa ya siku makumi ine ya kifo yake, banawekaka picha ku meza. Mimi sina ya kuweka."

Kambale alikuwa amemwambia mama yake. Aliniambia nisimwonyeshe mtu, kumbe yeye mwenyewe alisema.

Mama mdogo akanitazama kwa mshangao, maana hilo hakulijua. "Iko?" akaniuliza.

"Iko," nikasema. "Ngoja niitengeneze vizuri. Kesho, baada ya misa."

Uongo ulitoka mwepesi kabisa. Nikaichukua mashine, nikakimbia nayo kwa Siméon.

Safari hii hakucheka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, naye akafukuza wateja wawili akafunga nusu ya mlango. Alitafuta kwa programu zake za kurudisha vitu vilivyofutwa, saa nzima, zaidi. Mwisho akanionyesha alichokipata: kipande chembamba cha juu hadi chini, nusu ya chini imeliwa na rangi ya kijivu. Kulikuwa na bashi la bluu, na ukingo wa kofia. Basi.

"Ile programu mupya ilikaa pahali pake," akasema. "Ni sawa nyumba ya mutu mwenye alikimbia. Ukirudi, unakuta batu bengine banalala mule." Akajikuna kichwa. "Ni mimi nilifuta, Kanyere."

"Ni mimi nilisema zote."

Kisha akauliza kama hakuna picha nyingine, hata ya kupita tu. Nikakumbuka dosia ya "Kakao". Tukaifungua. Katika picha moja nilikuwa nimepiga kakao kwa karibu, na mbali kabisa, nyuma, amefifia, alikuwepo mtu mwenye kofia. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko punje ya kakao iliyokuwa mbele yake.

"Toleo mupya iko na kitu," Siméon akasema, na macho yake yakaamka. "Améliorer le visage, kutengeneza sura. Ukikuza, inatafuta sura yenyewe."

Nilikata kile kichwa, nikakikuza hadi kikawa vigae vya kahawia na vyeusi. Nikabonyeza. Mashine ikavuma. Vigae vikalainika, vikaungana, yakaja macho, ikaja pua, na chini yake mdomo umefunguka, unacheka. Hakuna kivuli. Ngozi safi. Ile mise à jour iliyomfukuza sasa ilikuwa inanirudishia mtu.

"Ni yeye?" Siméon akauliza, kwa sauti ya chini.

Nilitaka awe yeye. Alikuwa kijana mzuri mwenye meno yote.

"Chapa," nikamwambia.

Jumapili baada ya misa Mama Florentine alikuwa ameketi kwenye kigoda kilekile. Nilimpa bahasha. Akafuta mikono kwenye kitenge kwanza, ndipo akatoa picha, akaiweka mapajani. Aliitazama muda mrefu. Mama mdogo akaja nyuma yake, akapiga ulimi, akasema, "Aka, muzuri sana!" Mama Florentine akapitisha kidole gumba juu ya mdomo wa yule kijana.

"Jino," akasema.

Nikatazama chini, kwenye ukingo wa kitenge chake.

"Ulimutengenezea jino, binti yangu?" Aliuliza kwa upole, bila ukali wowote, kama mtu anayemshukuru mwenzake kwa kazi aliyojichosha bure. Watu wananiomba hivyo kila siku: toa chunusi, ongeza nywele, ziba pengo. Alinifungulia mlango kabisa. Ningepita tu.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Wasingya. Asante. Uliona vema." Akairudisha mikononi mwangu. "Mais mimi nilimuzoea na ile jino yake. Urudishe vile alikuwaka. Dakika kidogo tu, nitangoja."

Nikaishika picha. Mama mdogo akaniambia, "Haya basi, kimbia." Sikukimbia. Nilisimama katikati ya ua na ile picha, na kuku wanapita kati yetu, na sikuwa na pa kwenda, maana hakukuwa na jino popote duniani la kurudisha.

"Mama, huyu si Kambale," nikasema.

Hakuelewa. Nikasema tena. Nikaeleza kwamba mashine ndiyo imemtunga, kutoka kwenye alama ndogo kama punje. Kwamba ile ya kweli niliifuta. Nikamwambia mahali, siku, watu waliokuwepo, na maneno niliyoyasema. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo.

"Ulisema zote," akasema.

"Ndiyo."

"Ya mutoto wangu ndani."

"Ndiyo, mama."

"Juu ya nini?"

"Nilisikia haya. Walikuwa wanacheka."

"Haya ya nini? Alikukosea?"

"Hapana. Haya ya..." Mama mdogo alikuwa palepale. "Walitaka kumuona, na mimi sikutaka wajue kama ninamupenda."

Mama mdogo akaweka mkono kinywani. Mama Florentine hakulia wala hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichukua ile picha kutoka mikononi mwangu, akaikunja mara mbili, akanirudishia.

"Huyu sijue mama yake ni nani. Umutafutie."

Akainuka, akakishika kitenge chake kirefu, akaenda kumsubiri Jamali barabarani. Mama mdogo akamfuata na kikombe cha chai. Nami nikawafuata, kwa umbali, kama mbwa. Gari lilipofika, Mama Florentine akaweka mguu mmoja ndani, ndipo akageuka.

"Ile siku ulimuona vile anacheka?"

"Nilimuona."

"Unakumbuka?"

"Yote."

"Bon. Meza yangu haitakuwa na picha. Utakuya Beni, ku misa ya siku makumi ine. Utasimama pembeni ya meza, utasema. Kila kitu. Na batu wote basikie."

"Mama, mimi siwezi kusema mbele ya batu."

"Najua," akasema, akafunga mlango.

Siku za katikati sikugusa kamera. Mashine niliifungua mara moja, Ijumaa ya mwisho, ili niitazame ile picha ya kakao na nihesabu mistari aliyoichora kwa miguu. Kwenye kona ukatokea ujumbe: programu ina mise à jour nyingine. Chini yake, "plus tard". Nilikaa na kidole hewani. Kisha nikafunga mashine bila kubonyeza chochote.

Jumamosi nilipanda gari la Jamali. Njia yote hakufanya utani hata mmoja. Kwenye barrière, askari wakiangalia karatasi zetu, akaniambia bila kugeuka, "Ile siku niliongea sana." Nikamwambia kosa si lake. Akanipa karanga, nikazishika mkononi hadi Beni.

Misa ilisomwa katika ua wa ndugu zake Mama Florentine. Watu walijaa hadi nje ya wigo, wengi wa Oicha, wengi wenye nguo za kuazimwa. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, mshumaa, na msalaba. Mahali pa picha palikuwa wazi. Kila aliyeingia alipaangalia, kisha akaangalia pembeni. Nilikuwa na ile picha ya kakao ndani ya kitabu cha nyimbo, ile ambayo yeye ni kama punje. Sikuitoa. Hakuniomba hiyo.

Padri alipomaliza, Mama Florentine akaninyooshea mkono, si kwa kuniita kwa wema, bali kwa kunionyesha mahali. Nikaenda. Watu walikuwa wengi, wote wananitazama, na sikuwa na kamera ya kuinua.

"Mimi ninaitwa Kanyere," nikasema. "Nilikuwa na picha ya Kambale. Niliifuta."

"Sauti!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Sauti, binti, hatusikie!"

Nikamtazama Mama Florentine. Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, anangoja kama vile alivyongoja dakika zangu kidogo kule Butembo.

"Niliifuta!" nikasema kwa nguvu, na ndege wakaruka kutoka juu ya bati. "Mais nitawaambia vile ilikuwa. Kulikuwa bashi la bluu. Alisimama katikati, mguu mumoja juu. Alivaa kofia, macho yake hayakuonekana. Na jino la mbele, hili la upande wa kushoto, lilikuwa nusu."

Nikaweka kidole kwenye jino langu mwenyewe, ili waone ni lipi.

Mama Florentine akatikisa kichwa. "La kuume," akasema.

Nikahamisha kidole.